Yah: Kijiji Kizima Kufungiwa Mlango wa Wingu

Ulamila Rokosawa,
Mwenye meli ya Adi Makare,
Kijiji cha Waidamu, Kadavu,
Fiji.

Jumatano.

Kwa Mkuu wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Wingu ya Anga Pana,
Sydney.

Ndugu Mkuu,

Pokea salamu kutoka Waidamu, kijiji ambacho tangu Jumamosi mashine zenu zinakiita "chanzo cha shambulio". Sisi chanzo hatujambo. Mvua inanyesha, mihogo inanenepa, na mshambulizi mkongwe kuliko wote, Bibi Losana Drekeni mwenye miaka themanini na moja, anakusalimu na anauliza kama huko kwenu kuna aliyeumia.

Naandika kwa karatasi kwa sababu ukurasa wenu wa kupokea malalamiko nao umetufungia. Hilo silihesabu kama lalamiko. Nimelitaja tu uone kwamba naanza na moyo mweupe.

Kwanza umjue unayejibizana naye. Sikusomea kompyuta wala meli. Nilianza na sufuria ya muhogo na samaki wa nazi gatini Suva, nikiwauzia abiria wa meli za watu. Ukiuza chakula gatini utajifunza kuhesabu vichwa kabla hujawasha moto. Vikizidi, kuna anayelala njaa. Vikipungua, unalala wewe na muhogo wako. Nikahesabu vichwa mpaka nikanunua meli. Inaitwa Adi Makare, inabeba abiria mia tatu na sitini, na kila wiki inakuja Kadavu. Shahada sina. Meli ninayo.

Sasa elewa jambo moja. Krismasi ya kwetu haiandaliwi na anayesafiri, inaandaliwa na anayesubiri. Vijana wako Suva kazini, wanasema, "Tutaona, mama, nikipata nafasi." Mama hataki kuona. Mama yuko Waidamu na simu yake, na nafasi za safari ya mwisho kabla ya sikukuu zikifunguliwa, anamkatia mwanawe tiketi yeye mwenyewe, kisha anampigia: "Nimeshakukatia. Kiti cha dirishani. Na usiponiletea unga wa ngano, usishuke melini." Kwa hiyo mzigo unaouelemea mfumo wangu wa tiketi hautoki mjini. Unatoka vijijini, kwa akina mama, na wote wanabonyeza dakika ileile.

Mwaka jana mzigo huo uliuangusha mfumo. Nafasi zilifunguliwa saa mbili asubuhi, na kabla chai haijapoa mfumo ulikuwa umelala chali. Ulipoamka ulikuwa umechanganyikiwa, ukaviuza viti vilevile mara ya pili. Siku ya safari zikawa familia mbili zinagombea benchi moja, kila moja na tiketi yake halali. Sheria ya bahari haijui tiketi, inajua vichwa. Nikaondoka na mia tatu na sitini, nikawaacha zaidi ya mia moja mvuani na mikeka yao na keki zao. Mmoja wao alikuwa Peceli, kitindamimba wa Bibi Losana, ambaye alikuwa hajakanyaga nyumbani kwa miaka sita. Bibi alikuwa ameshamtandikia.

Baada ya mwaka mpya mwenyekiti wa kijiji, Mzee Emosi, aliniita ukumbini. Hakufoka, afadhali angefoka. Alisema, "Ulamila, wewe ni mtoto wetu. Ukituachia watu mvuani tena, gati tunampa mwenye meli mwingine. Tutakulilia sana. Lakini tutampa."

Ndiyo maana nilikuja kwenu. Nikauhamishia mfumo wangu kwenye wingu lenu, ambalo mmeandika kwamba linatanuka kadiri wateja wanavyoongezeka. Sisi watu wa bahari mawingu tunayajua. Likiwa zito tunaliona, tunaahirisha safari. Lenu halionekani likiwa zito, basi ikabidi tulijaribu.

Aliyenitengenezea mfumo ni Pritesh Narayan wa Suva, fundi hodari, mtu wa kuchelewa mikutano lakini si kazi. Alinipigia simu akasema, "Dada Ulamila, tufanye jaribio la mzigo. Nitaleta wageni bandia elfu tano, wabonyeze kwa pamoja, tuone mfumo unaangukia wapi."

Nikamwuliza, "Bandia vipi?"

"Hawapo, dada. Ni kompyuta inajifanya watu."

"Wanakula?"

"Hawali."

"Basi si watu wa Kadavu."

Akacheka, akajaza fomu yenu ya kuomba ruhusa, mkampa, akawaleta elfu tano wake. Mfumo haukupepesa hata kope. Pritesh alinitumia mchoro wa mstari ulionyooka kama kamba ya kuanikia nguo, akaniambia nilale usingizi.

Sikulala. Nikauliza hao elfu tano walifanya nini. Akasema waliingia, wakachagua kiti, wakalipa, wakatoka. Ndugu Mkuu, mimi nimewahudumia watu hawa maisha yangu yote, na sijawahi kumwona anayeingia, akachagua, akalipa, akatoka. Mama wa Waidamu huingia kwa simu tatu: yake, ya mumewe, na ya jirani aliyekwenda kuvua. Huchagua kiti, halafu humpigia dada yake kuuliza kama Seruwaia atasafiri, maana hawasemezani. Akiambiwa Seruwaia atasafiri, huhama kiti. Hurudi. Huuliza kama mtoto wa kupakatwa ni kichwa au si kichwa. Kioo kikiganda, hubonyeza mara kumi na nne, kila mara kwa nguvu zaidi, kwa sababu kwetu mlango usiofunguka huwa haujagongwa vya kutosha.

Nikamwambia, "Pritesh, umejaribu daraja kwa kupitisha vivuli."

"Sasa dada, unataka nitengeneze bandia wenye mashemeji?"

"Ndiyo."

"Haiwezekani."

"Basi tutawaleta wenyewe."

Kilichofuata ndicho kinachonifanya niandike. Nimepanga malalamiko kwa namba, maana nasikia kwenu kisicho na namba hakisomwi.

LALAMIKO LA KWANZA: Mlipokea hodi, kisha mkakana kuitikia.

Kuna kifungu katika kanuni zenu ambacho naamini kiliandikwa na mtu aliyelelewa vizuri. Kinasema anayetaka kufanya jaribio la mzigo aombe ruhusa kwanza. Nilipokisoma nilimwambia Pritesh, "Kumbe hawa ni watu." Akanipa ile fomu. Fomu inauliza ni mashine ngapi zitakazotumika na zinatoka kiwanda gani. Kisanduku cha watu hamna. Niliitafuta sehemu ya kuandika "akina mama" mpaka macho yakaniuma.

Nikaamua niombe kwa njia yenye nafasi ya watu. Kwetu anayefika kijiji cha wenyewe haingii kama upepo. Hutanguliza sevusevu: shada la mizizi ya yaqona, ile inayotwangwa ikawa kinywaji chetu cha heshima, analiweka chini mbele ya mwenyeji na kusema kilichomleta. Ni hodi ya kushikika mkononi. Mwenyeji akiliinua, makofi hupigwa, na ameitikia karibu. Asipoliinua, unarudi mashuani na hakuna lawama. Ni jambo jepesi, na kwa karne nyingi halijahitaji neno la siri.

Binamu yangu Apakuki anajenga majukwaa ya maghorofa huko Sydney. Kwa mila zetu binamu wa upande wa mjomba ni mtani wangu, na siwezi kumwomba kitu bila yeye kunitukana kwanza, lakini alikubali. Akavaa kikoi chake cha heshima, akachukua mizizi ya Kadavu kabisa, si unga wa dukani, akaja ofisini kwenu. Alinipigia simu akiwa hapo hapo mapokezi.

"Mtani, nimeingia. Nimekaa chini."

"Vizuri."

"Kijana wa mapokezi kaniuliza kama nimeanguka."

"Mwambie hujaanguka, umekuja kwa heshima."

"Nimemwambia. Kaniletea maji."

Kijana huyo anaitwa Lachlan, na simlaumu kwa lolote. Apakuki alisema maneno yote, tangu salamu za wakubwa wa Waidamu hadi siku na saa ya jaribio, na Lachlan alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo katika kampuni yenu nimeliona kwa mtu mmoja tu. Kisha akainama, akalipokea shada kwa mikono miwili, akasema, "Safi sana, kaka. Nitawafikishia wakubwa."

"Mtani, wamepokea," Apakuki akaniambia. "Ila hawajapiga makofi."

"Pengine wao hupiga moyoni."

"Hawa? Kwa baridi hii ya humu ndani, hata moyo wenyewe sijui kama unapiga. Haya, na wewe ukizama na hiyo beseni yako unayoiita meli, usiseme sikukusaidia."

Jumatatu yake, Ndugu Mkuu, picha ilitokea kwenye ukurasa wa kampuni yenu. Mizizi yetu imepandwa kwenye chungu dirishani, imefungwa utepe wa buluu, na chini yake maneno: "Karibu, mwanafamilia mpya wa ofisi!" Mizizi hiyo ilikaushwa juani tangu Julai. Haitaota. Lakini mliipokea, mkaipiga picha, mkaitangazia dunia. Tangu visiwa hivi vikaliwe na watu, sidhani kama kuna ruhusa iliyowahi kutolewa waziwazi kuliko hiyo. Na leo mnaniandikia kwamba "hakuna ombi lililopokelewa".

LALAMIKO LA PILI: Mlituita washambulizi.

Jumamosi tulikusanya watu mia nne ukumbini, wa kwetu na wa vijiji viwili jirani. Pritesh alikuwa kwenye simu kutoka Suva, anaangalia michoro yake. Paa la ukumbi lina dishi la setilaiti, moja, na sote tulijiunga nalo. Pritesh alisita.

"Dada, ngoja kidogo. Mia nne mnapita dishi moja. Huku kwa mbali mnaonekana kama mtu mmoja mwenye vidole mia nne."

Nikamjibu, "Kijiji ni mtu mmoja."

Mzee Emosi akapuliza kombe la baharini kama baragumu. Tukabonyeza.

Nilitembea katikati yao nikisikiliza, kwa sababu jaribio la mzigo husikika kabla ya kuonekana. "Mama, si hapo, hapo ni lugha!" "Nani kachukua kiti cha kumi na mbili A? Nani?" "Ni cha mwanangu, jina lake kwenye cheti cha ubatizo linaanza na A." "Bonyeza tena." "Nimebonyeza." "Hujabonyeza, umegusa." Nikafurahi moyoni. Huu ndio mzigo. Huu Pritesh hawezi kuuchora.

Tulibonyeza kwa muda wa kushusha pumzi mbili. Halafu sauti ikatoka nyuma: "Yangu imeandika 'Umekataliwa'."

"Hata yangu."

"Na Seruwaia kakataliwa!"

"Kumbe hata kompyuta inamjua!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na Seruwaia akacheka kuliko wote, kwa sababu aliyemtania naye akatazama simu yake akakuta amekataliwa. Watu mia nne, wote. Pritesh akasema kwa sauti ya mtu aliyemwaga mchuzi harusini, "Dada… wametufungia. Wanasema ni shambulio."

Tukasoma tangazo lenu. "Shambulio limetambuliwa kutoka chanzo kimoja. Chanzo kimefungiwa ili kulinda wateja wetu." Bibi Losana akaomba asomewe tena polepole. Kisha akauliza, "Wateja wao ni akina nani?" Nikamwambia, "Ni sisi, Bibi." Akatafakari. "Basi wametulinda na sisi wenyewe."

Hesabu yenyewe naiweka mezani uiangalie. Wageni elfu tano wasiokuwapo mliwapa ruhusa na kuwahudumia bila kukwaruzana. Watu mia nne waliopo, wenye majina, wenye watoto wa kuwarudisha nyumbani, mliwafungia kabla hawajamaliza kusoma neno la kwanza. Kwenu mtu akitaka kuhudumiwa, sharti kwanza asiwepo.

LALAMIKO LA TATU: Mlinipa mwenyeji bandia.

Niliwaandikia kupitia simu ya mtani wangu wa kike Makereta, anayeishi ng'ambo ya ghuba, kijiji kisichohusika na ugaidi wetu. Jibu lilikuja kabla sijaweka simu chini. "Halo Ulamila! Naelewa jinsi jambo hili linavyokuumiza." Nina miaka hamsini na minane, Ndugu Mkuu. Hata aliyenioa hakuniita jina tupu kabla ya mahari. Nikamwuliza huyo anayenielewa jina lake nani. Akasema yeye ni msaidizi wa kompyuta, na je, jibu lake limenisaidia? Kulikuwa na uso unaocheka na uso unaolia, nichague.

Makereta alikuwa anachungulia begani kwangu. "Hee, mtani! Unagombana na friji?"

Mimi nilikataa wageni bandia, nanyi mkaniletea mwenyeji bandia. Heri angekuwa Lachlan. Yeye angalau alimletea ndugu yangu maji.

LALAMIKO LA NNE: Raga.

Kumbe katika wingu lenu haimo meli yangu peke yake. Yamo matokeo ya ligi ya raga. Tangu Jumamosi hakuna mwanamume Waidamu anayejua nani kamfunga nani. Wiki mbili nzima nilipozungumzia tiketi, hawa wanaume walikuwa wanakuna visigino. Sasa wanakuja barazani kwangu kwa makundi, wamekunja mikono, wanasema, "Ulamila, jambo hili ni zito." Nakuomba uelewe hali yangu.

LALAMIKO LA TANO, na la mwisho kwa leo: Neno "bila kikomo".

Mmeliandika kwenye ukurasa wa mbele kwa herufi kubwa: "Kua bila kikomo." Chini kabisa, kwa herufi za sisimizi, mmeeleza vikomo vyote kumi na saba. Nimevihesabu, kuhesabu ndiyo kazi yangu. Mimi ubavuni mwa meli nimeandika "Abiria 360" kwa rangi nyeupe, herufi za urefu wa mkono, na askari wa bandari anakuja kuangalia. Nikiandika "Adi Makare, Abiria Bila Kikomo", nafungwa jela siku hiyohiyo, na nikifungwa nitakuwa nimestahili. Naomba nielezwe kwa nini mwenye chombo kinachoelea juu ya maji anatakiwa kusema ukweli, na mwenye chombo kinachoelea angani hatakiwi.

Sasa ninachoomba. Si kikubwa, ingawa kinakua kadiri ninavyoandika, kama lilivyopaswa kukua wingu lenu.

Kabla ya Ijumaa hii saa mbili asubuhi mtufungulie. Hiyo ndiyo saa nafasi za safari ya mwisho zinafunguliwa. Akina mama wakikuta mlango umefungwa, watapanda milima kutafuta mtandao, watabonyeza wanavyojua, mfumo utaanguka au utauza mara mbili, na tarehe ishirini na tatu nitasimama tena mbele ya gati nikiwatazama watu nisioweza kuwabeba. Safari hii haitakuwa aibu tu. Mzee Emosi si mtu wa kusema mara mbili.

Mkishatufungulia, mfute jina la Waidamu katika orodha ya washambulizi, na jina la Bibi Losana mlifute mkiwa mmesimama.

Kisha mje kuomba radhi. Kwetu aliyekikosea kijiji huja na jino la nyangumi. Najua huko mjini nyangumi ni adimu, kwa hiyo nitaridhika na mkubwa mmoja wa kampuni atakayekaa chini kwenye mkeka, bila simu, mpaka atakapoambiwa inuka. Pritesh anasema hilo haliwezekani kwa sababu ya ratiba za wakubwa wenu. Waambieni nimekaa gatini miaka ishirini nikisubiri meli za watu wenye ratiba.

Na kwa kuwa mnapenda majaribio ya mzigo, nami naomba nifanye langu. Leteni wafanyakazi mia tatu na sitini wa Anga Pana, wapande Adi Makare mwezi wa Desemba, pepo zikiwa zimekoroga mlango wa bahari kati ya Suva na Kadavu. Wataingia wote kwa mlango mmoja. Watabonyeza wote kengele moja ya kumwita mhudumu. Waliotunga neno "bila kikomo" nitawatengea viti karibu na choo, ili wawe wa kwanza kujua kikomo kilipo. Ndoo zipo, ila hazitoshi. Zitatanuka kadiri mahitaji yatakavyoongezeka. Atakayelalamika ataulizwa na sanamu la mbao tulilonalo pale ngazini kama jibu limemsaidia. Na atakayebonyeza kengele zaidi ya mara moja nitamfungia nje, sitahani, ili kuwalinda abiria wangu.

Mkifika mmoja mmoja salama, nitaamini kwamba tumeelewana.

Sina zaidi ila heshima. Nisalimie walio juu yako na walio chini yako. Msalimie Lachlan, mwambie mama yake alifanya kazi nzuri. Wasalimie wale wageni elfu tano wa Pritesh popote wasipokuwapo. Bibi Losana anasema niwaandikie kwamba yeye hana kinyongo, ila mlango wake uko wazi mchana kutwa na hajawahi kumfungia mtu kwa sababu ya kugonga sana.

Ni mimi mteja wenu na chanzo chenu,

Ulamila Rokosawa.

Tanbihi: Barua hii imechelewa kuondoka. Ndege ya Jumatano haikutua kwa sababu ya wingu, la kweli. Leo ni Jumamosi, nami nimeifungua bahasha niongeze machache, na nakuomba uyasome haya kabla ya kutekeleza chochote kilichoandikwa juu.

Hamkutufungulia. Alhamisi jioni akina mama waliona wamekwama, wakakutana ukumbini na bakuli la yaqona. Kwa kuwa hakuna aliyeweza kubonyeza, ikabidi waongee. Wakasema nani anakuja, nani anamleta mchumba, nani asikae karibu na nani. Ilithibitika kwamba mtoto wa kupakatwa ni kichwa. Seruwaia na aliyekuwa hasemezani naye ikabidi wasemezane, maana watoto wao wanakuja pamoja. Kisha wakamtuma Makereta peke yake. Ijumaa saa mbili alikaa kibarazani kwake ng'ambo ya ghuba akakata tiketi za watoto wa vijiji vyote vitatu, nyumba baada ya nyumba, kwa kidole kimoja, huku akinywa chai. Viti mia tatu na sitini, watu mia tatu na sitini, hakuna kiti kilichouzwa mara mbili. Peceli amepata cha dirishani. Pritesh amenipigia akiwa na wasiwasi. Anasema mchoro wake umelala kabisa, anauliza kama Krismasi imeahirishwa.

Kwa hiyo naifuta barua yote, isipokuwa salamu. Tafadhali msitufungulie. Nawaomba kwa heshima muendelee kutufungia hadi meli irudi Januari. Raga nitawasomea wanaume mwenyewe. Mzee Emosi ameridhika na gati ni langu, ila anauliza kama hiyo huduma yenu ya kufungiwa ina kifurushi cha mwaka mzima.